Koko Kinyonga na Mashine ya Mwami Chui

Ukitoka Masisi kwenda Walikale kwa njia ya Nyabiondo, kuna mahali malisho yanapokoma na mwitu unapoanza. Nyuma yako vilima vimenyolewa na ng'ombe hadi vinang'aa. Mbele yako miti imefunga jua, na barabara hugeuka uji kila mvua inyeshapo. Mwami Chui alijenga baraza lake papo hapo mpakani, ili mnyama wa mlima na mnyama wa mwitu wasije wakasema anapendelea upande. Na ndani ya baraza akaweka mashine.

Ilikuwa kompyuta ya gemu. Ilitoka Goma, ikapita Sake imefungwa juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao, ikalala siku tatu matopeni nyuma ya lori la chumvi, ikafika. Mchana ilikula umeme wa jua. Usiku grupu, yaani jenereta, liliiungurumia. Kila Jumamosi timu mbili zilikutana kwenye skrini yake: Masisi, iliyochezeshwa na ndama, na Walikale, iliyochezeshwa na vijana wa Sokwe. Walitaniana, wakapigizana kelele, wakarudi nyumbani wote wazima. Katika nchi ile, mashindano ya mlima na mwitu yasiyoacha mjane ni neema, na ndiyo sababu wazee waliilinda mashine kuliko walivyoilinda ngoma ya baraza.

Kisha ikaanza kuganda.

Siku ya kwanza ilikuwa kona ya Walikale. Mpira ulipaa, golikipa wa Masisi akanyoosha mikono, na hapo kila kitu kikasimama. Mpira ukaning'inia hewani kama embe lisilotaka kuanguka. Skrini ilipozinduka, mpira ulikuwa wavuni na hakuna jicho lililouona ukiingia. Ndama wakasema ni wizi. Sokwe wakasema goli ni goli. Jioni ile mawe yalirushwa, mara ya kwanza tangu mashine ifike.

Mwami akaita baraza. Aliyesema kwanza alikuwa Kasuku, maana Kasuku aliwahi kufungwa kwenye tundu mbele ya duka moja mjini Goma, na kwa miaka miwili alisikia wauzaji wakizungumza na wateja wao. Maneno aliyabeba yote.

"Kadi kubwa!" akasema. "Mashine ikiganda, kadi ya picha ni ndogo. Kadi kubwa!"

"Umeipima, Kasuku?" akauliza Nyati.

"Kadi kubwa!"

Nyani akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mzee wa busara. Nyani alikuwa negosia: hununua mawe kwenye midomo ya mashimo na kuyapeleka komptuari za Goma, kwa wanunuzi wa madini, na akirudi hurudi na bidhaa. "Kadi itapatikana, Mwami," akasema. "Ila ng'ambo hawatoi kadi kwa salamu. Wanataka mchanga mweusi wa Rubaya na mawe ya kahawia ya Bisie. Tukiongeza magunia, kadi itakuja."

Mwami akapiga mkia chini, maana yake ndiyo. Amri ikashuka.

Ilishuka mbali. Upande wa Masisi ilifika Rubaya, kwa Fuko. Fuko huchimba koltani, ule mchanga mweusi wenye metali ya tantalamu, na mlima wake hukadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya tantalamu yote ya dunia. Huchimba kwa sururu na nyundo, huosha mchanga kwenye maji ya mfereji, na mvua zikizidi, mashimo ya Rubaya hubomoka na kufunika waliomo. Upande wa Walikale amri ilifika Bisie, kwa Kakakuona. Yeye huchimba kasiterite, jiwe la bati. Wazee wa Bisie hawajasahau miaka ya kwanza baada ya 2002, wapagazi walipotembea mwituni na magunia ya kilo 50 migongoni hadi Njingala, halafu ndege ndogo zikatua juu ya lami ya barabara kule Kilambo kuyachukua. Leo kampuni ya Alphamin inayo migodi yake ya mitambo papo hapo, tangu 2019. Lakini kakakuona wengi wa nchi ile bado wanachimba kwa kucha.

Njiani kati ya shimo na baraza palikuwa na kamba iliyovutwa kukata barabara, na Fisi ameketi chini ya bendera. Kila gunia lililopita lilimwachia kitu. Bendera ilibadilika mara nyingi. Kamba ilibaki ileile. Sitaigeuza hekaya hii kuwa orodha ya majeshi. Ila msomaji wa mbali ajue kwamba mwishoni mwa Aprili 2024 wapiganaji wa M23 waliitwaa Rubaya, na Machi 2025, walipokuwa wakiikaribia Walikale, Alphamin ilisimamisha kazi Bisie hadi Aprili. Fuko na Kakakuona hawakuulizwa katika lolote kati ya hayo.

Kadi ikaja, kubwa kama tofali. Nyani akaifunga kwa mikono yake mwenyewe. Jumamosi ikafika, mpira ukapaa, ukaning'inia.

"Kadi kubwa zaidi!" akalia Kasuku.

Ikaja ya pili. Mpira ukaning'inia. Likaja sanduku jipya lenye taa za kijani na nyekundu, likaganda likimetameta. Ikaja skrini ya kuonyesha picha 144 kwa sekunde, na mpira ukaning'inia vizuri zaidi kuliko zamani, unang'aa kila mshono. Kwa kila kimoja amri ilishuka tena, na Fuko akaingia pima nyingine chini.

Lazima niseme hapa kwamba haya hayakuanza na Mwami Chui. Mwaka 2000, dunia ilipozitaka simu za mkononi na mashine za gemu kwa pupa, bei ya tantalamu iliruka mara kadhaa, na malisho ya Masisi yaligeuzwa mashimo na watu walioacha majembe yao. Mwaka 2001 bei ikaporomoka. Mashimo hayakufukiwa. Ng'ombe wa Masisi, ambao maziwa yao hufanya zile jibini za duara zinazopendwa Goma, walizaliwa wakayakuta.

Sasa ndama na sokwe walikuwa wakija na fimbo. Ndipo Nyati akasema, "Mwiteni Koko Kinyonga, mzee wetu."

Wengi walishtuka. Kinyonga haitwi, akionekana njiani, watu hupitia upande mwingine. Tena ni mzito. Ilimchukua kutwa nzima kutoka kwenye mti wake hadi mlangoni pa baraza, mguu mmoja mbele, unasita, unarudi, unakwenda. Nyani akacheka wazi. Lakini Kinyonga ana jambo moja ambalo mnyama mwingine pale hanalo: jicho lake la kulia na jicho lake la kushoto hayaulizani. Moja laweza kutazama huku, jingine kule, kwa wakati mmoja.

"Shikamoo, Koko," akasema Mwami.

"Marahaba, Mwami. Wachezeni."

"Hutaifungua kwanza?"

"Mgonjwa hapasuliwi kabla hajakohoa. Wachezeni, niisikie ikikohoa."

Wakacheza. Koko akaomba hesabu za mashine ziandikwe pembeni ya skrini: prosesa inafanya kazi kwa asilimia ngapi, kadi asilimia ngapi, joto ngapi, ramu imejaa kiasi gani, diski ina shughuli gani. Jicho moja likakaa kwenye prosesa, jingine kwenye kadi. Mpira ukapaa, ukaning'inia. Kadi ilisoma sifuri.

"Kadi hii imelala," akasema. "Haijaamka tangu izaliwe."

Akapanda nyuma ya sanduku, polepole, akaufuata waya wa skrini kwa mkia. Waya haukuchomekwa kwenye kadi. Ulichomekwa kwenye tundu la madabodi, juu kidogo, pale ulipokuwa tangu mwanzo. Prosesa ilikuwa ikichora picha yenyewe kwa kile kipaji kidogo cha kuchora ilichozaliwa nacho, na kadi mbili kubwa zilikuja kukaa, moja baada ya nyingine, bila kupakwa hata rangi ya nyasi moja. Baraza likamgeukia Nyani. Nyani akatazama mwitu.

Koko akauhamisha waya. Mchezo ukaruka mbele, vijana wakashangilia, na Mwami akaanza kushukuru.

"Bado," akasema Koko.

Kweli, dakika ya kumi ukaganda tena. Safari hii kadi ilisoma 43.

"Mwami, una wachoraji elfu mle ndani, na zaidi ya nusu wamekunja mikono. Anayengoja si yeye anayechelewesha. Tumtafute anayengojewa." Akapunguza ukubwa wa picha hadi nusu, ili kazi ya kuchora iwe nyepesi. Idadi ya picha kwa sekunde haikupanda hata moja. "Mmeona? Nimempunguzia mchoraji mzigo na mwendo haukubadilika. Basi mzigo wake haukuwa tatizo."

Ng'ombe mzee, mama wa ndama, hakuelewa, akasema hivyo bila haya. Namshukuru, maana baraza zima halikuelewa.

"Mama," akasema Koko, "kule kwenu Masisi, penye jibini, mkiwa na ng'ombe 100 na mkamuaji mmoja, jioni mnapata maziwa ya nani?"

"Ya mkamuaji."

"Nikikuletea ng'ombe wengine 100?"

Ng'ombe akafikiri. "Tutapata maziwa yaleyale, na malisho yatakwisha."

"Ndiyo mashine ya Mwami. Ili mpira usogee mbele ya macho yenu bila kushtuka, picha 60 zinahitajika kila sekunde. Kila moja ina vitone 2,073,600, na lazima iwe tayari ndani ya milisekunde 17 hivi. Prosesa inasema: huyu amesimama hapa, yule anakimbia kule, mpira una upepo huu. Ramu inampa vifaa. Kadi inachora. Akichelewa mmoja, wote wamechelewa, na hata mkimnunulia mwenzake miguu kumi hamtafika."

Kisha akasoma joto la prosesa: nyuzi 97. Prosesa ikikaribia 100 hujipunguzia mwendo ili isiungue, kama mtu anayepanda mlima wa Rubaya mchana wa jua. Kasuku akafungua mdomo aseme "prosesa kubwa," Koko akamwangalia kwa jicho moja tu, naye akanyamaza.

"Leteni wenye kucha," akasema Koko. "Sanduku lifunguliwe."

Ndivyo Fuko na Kakakuona walivyoingia barazani kwa mara ya kwanza maishani mwao. Waliitwa kwa ajili ya skrubu. Fuko alijikinga macho na mwanga. Kakakuona akajikunja mpira, kisha akajikunjua. Wakaondoa ubavu wa sanduku. Ndani, feni ya prosesa ilikuwa imevaa blanketi: vumbi la barabara, manyoya ya ng'ombe, moshi wa grupu. Wakaifuta kwa brashi. Chini ya kipoza joto, grisi iliyopaswa kuwa laini ilikuwa imekauka kama ugali wa juzi. Wakaikwangua, wakapaka nyingine, kiasi cha punje ya mchele.

Fuko alikuwa ameinamisha pua juu ya kadi. Hakuona vizuri, lakini pua yake haikuwahi kumdanganya.

"Koko," akasema, "hapa pananuka nyumbani."

"Wapi, mjukuu wangu?"

Akaonyesha vidonge vidogo vya rangi ya njano, kama punje za mtama, vimepangwa kwenye bodi ya kadi.

"Hizo ni kapasita za tantalamu," akasema Koko. "Prosesa au kadi ikishtuka na kutaka umeme wa ghafla, vijidude kama hivi huwa vimeuweka akiba, huutoa papo hapo. Ndani yake mna ule mchanga wako mweusi."

Kakakuona naye akatoa ulimi wake mrefu, akagusa vile vitone vya fedha vinavyoshika kila kifaa kwenye bodi. "Na hapa ni Bisie."

"Ni lehemu. Ile isiyo na risasi, karibu yote ni bati."

Baraza lilikaa kimya. Mwaka 1802 msomi wa Uswidi, Anders Ekeberg, aliyeitambua metali ile, aliiita kwa jina la Tantalus, mfalme wa hadithi za Wayunani aliyesimamishwa ndani ya maji hadi kidevuni na kunyimwa hata tone. Ekeberg alikuwa akifikiria tindikali na namna metali ile isivyoinywa. Fuko hakuwa amemsikia Ekeberg. Alisimama pale mbele ya taa za kijani na nyekundu, yeye ambaye nyumbani kwake hakuna balbu, akauliza swali moja.

"Kadi ngapi zimeletwa?"

Mwami akasema mbili, na sanduku, na skrini.

"Kila mara Mzee Nyani alikuja mdomoni mwa shimo akisema ng'ambo wanataka zaidi. Nikadhani ni ng'ambo."

Hakusema zaidi ya hayo. Nadhani hakuhitaji.

Wakafunga, wakawasha. Joto likashuka hadi nyuzi 70, prosesa ikarudisha mwendo wake, na kipindi cha kwanza kikaisha bila mpira kusimama. Ila kila kamera ilipogeukia jukwaa jipya, picha ilijikwaa kidogo, kama mtu aliyekanyaga mzizi. Vijana walisema inatosha. Koko akakataa. Jicho moja likasoma ramu: imejaa pomoni. Jingine likasoma diski: asilimia 100.

Mashine ilikuwa na kijiti kimoja tu cha ramu, gigabaiti 8, na gemu ilitaka zaidi. Kilichokosa nafasi kilitupwa diskini, na diski yenyewe ilikuwa ya zamani, ya kuzunguka, inayotoa megabaiti mia na kidogo kwa sekunde, wakati ramu hutoa zaidi ya 15,000. Ni sawa na mpishi anayekimbilia Goma kila anapotaka chumvi. Tena madabodi ile ina njia mbili za ramu, na kijiti kimoja hupita njia moja. Tena kijiti chenyewe kiliundwa kwa mwendo wa 3200 lakini kilikuwa kinatembea 2133, kwa sababu hakuna aliyeingia kwenye mipangilio ya madabodi kukiruhusu.

Kijiti cha pili, pacha wa kile, kilikuwa kwenye mashine nyingine iliyokufa, nyuma ya ghala la Nyani. Wakakitoa, wakakifuta, wakakichomeka katika tundu sahihi, la pili kutoka lile lenye kijiti cha kwanza, si lile la jirani. Koko akaingia kwenye mipangilio, akaweka 3200. Gemu wakaihamishia kwenye diski isiyozunguka, nayo ya mashine ileile ya ghalani.

Mpira ukapaa kutoka kona. Ukazunguka hewani, kila mtu akauona ukizunguka, ukapita juu ya mabeki, ukaguswa na kichwa, ukaingia. Ndama na sokwe wakapiga kelele moja. Walikale moja, Masisi sifuri, na hakuna aliyebisha.

Mwami akafurahi, lakini Koko alikuwa na jambo la mwisho. Akamwomba Kakakuona atoe kadi kubwa na kurudisha ile ya kwanza, ndogo, iliyokuja na mashine. Akaomba pia skrini ya zamani, ile ya picha 60 kwa sekunde. Wakacheza. Picha zilikaa 60, kadi ikisoma 92.

"Sasa anayefanya kazi kuliko wote ni mchoraji, na picha zote ambazo skrini yaweza kuonyesha zinafika," akasema. "Pembamba hapaondoki kabisa, Mwami, hapa pakipanuka, patajitokeza pengine. Lakini mashine ikifikia hapa ni nzima. Na kadi hii ndogo ilitosha tangu siku ya kwanza."

"Na zile mbili?"

Koko akageuza jicho moja kwa Mwami na jingine kwa Fuko, akaanza safari ya kurudi kwenye mti wake. Hakuwa amefika mlangoni Kasuku aliposikika juu ya paa akitaja namba ya kadi mpya, iliyotoka mwezi ule. Nyani tayari alikuwa ameshika kalamu. Fuko akainua pua, na kwa mara ya kwanza baraza lote likamngoja Mwami Chui ajibu lile neno la Kasuku, mkia wake ukiwa bado haujagusa chini.

Nakuachia wewe mkia huo, msomaji wa Goma, wa Bukavu, wa Nairobi, wa Dar es Salaam. Gemu yako ikiganda usiku wa leo, usianze dukani. Tazama waya wa skrini umechomekwa wapi. Soma asilimia za kadi na za prosesa wakati mchezo unaendelea. Shusha ukubwa wa picha uone kama mwendo unapanda. Soma joto, pigia feni brashi, hesabu vijiti vya ramu. Ukimaliza yote hayo na bado ni lazima ununue, ile ya zamani usiitupe; mpe au muuzie anayeihitaji. Rubaya na Bisie wamekwisha kuichimba.